Kanga, Fuko na Miti ya Kuchomeka

Paukwa!

Pakawa!

Nimekuja na kapu.

Kapu lina nini?

Lina ngano, lakini si ya kuchekesha. Mtaipokea?

Tutaipokea, lete!

Haya, sogeeni. Aliye na kikohozi akohoe sasa, maana ngano hii ikianza kushuka haisimami njiani.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakijenga miji na kuishi kwa ujirani, palikuwa na mji mkubwa wa Simba. Mji ule ulijaa, ukajaa tena. Waliokosa nafasi wakatoka, wakajenga pembeni yake, kwenye mteremko wa kilima. Mtaa wao ukaitwa Ukingoni.

Walipofika, kilima kilikuwa msitu. Ngiri akakata, akajenga nyumba. Nyani akakata, akapikia. Nungunungu akakata, akachoma mkaa wa kupeleka mjini. Kila mmoja alisema, "Miti ni mingi, mimi nakata mmoja tu." Haikupita miaka mingi, kilima kikawa kama kichwa kilichonyolewa.

Dhiki ikaanza hapo. Jua likawa kali hadi mawe yakapasuka. Chemchemi ya kilimani ikapungua, ikawa inatoa matone. Mvua nazo zikaacha kuja kwa wakati wake, na zikija zinakuja na hasira. Zinashuka na udongo, zinaingia nyumba za watu bila hodi.

Basi, katika mtaa ule aliishi Bi Kanga. Alikuwa mjane, na mali hakuwa nayo. Alikuwa na sauti tu. Akipiga kelele kule juu, "Kere-kere! Kere-kere!", hata aliyekuwa mjini alisimama na kugeuka.

Chini kabisa, mteremko unapoishia, aliishi Fuko na mkewe na watoto wao wanne. Fuko mnamjua. Ni mchimbaji, hana mfano wake. Lakini macho yake hayaoni. Dunia anaijua kwa pua na kwa vidole.

Mwaka mmoja maji yakaingia nyumbani kwa Fuko, yakaharibu akiba yake yote ya chakula. Bi Kanga akashuka kumsaidia kutoa tope. Wakafanya kazi tangu asubuhi hadi adhuhuri. Ndipo Bi Kanga akasema:

"Jirani, tukiendelea hivi tutakwisha."

"Tutakwisha kweli," akajibu Fuko. "Na mimi wa chini ndiye nitakayeanza."

"Sasa tufanyeje?"

"Mimi nina makucha. Naweza kuchimba makinga ya maji, mitaro ya kuzuia mvua isibebe udongo, toka hapa hadi juu. Ila makinga bila miti ni kazi bure. Mvua moja tu, yamefukiwa."

"Basi wewe chimba," akasema Bi Kanga. "Mimi nitapanda."

Wakaanza wawili. Fuko alichimba, Bi Kanga akamfuata nyuma, anapanda mbegu na miche. Wengine walipita wakiwacheka. Nyani akauliza, "Hiyo miti mnampandia nani? Mtakufa kabla haijatoa kivuli." Wao wakaimba tu, na mimi nikiimba itikieni:

*Chimba, Fuko, chimba!*
*Mvua haina mjomba.*
*Panda, Kanga, panda!*
*Kilima hakina kamba.*

Masika ya kwanza yakaja. Pale walipochimba na kupanda, udongo haukushuka. Masika ya pili majirani wawili wakaja na majembe. Masika ya tatu mtaa wote ukatoka, hata Nyani, ameinamisha kichwa kwa haya.

Nungunungu, aliyekuwa mjumbe wa mtaa, akaitisha mkutano. Wakapatana mambo matatu. La kwanza, hakuna kukata mti mbichi. Kila nyumba itajenga jiko la udongo linalokula vijiti viwili vitatu tu. La pili, taka hazichomwi. Zitafukiwa mashimoni ziwe mboji ya kulisha miche. La tatu, kila mmoja atachunga kinga ya maji ipitayo mlangoni pake kama anavyochunga mtoto.

Wakafuata. Miaka ikapita, miti ikarefuka. Chemchemi ikarudi. Juu yake, kwenye kichwa cha kilima, ulikuwepo mkuyu mmoja mzee, ule uliosalia katika msitu wa zamani, nao ukatoa majani mapya ukashikilia kilima kwa mizizi yake yote.

Kisha siku moja Nungunungu akasema, "Jamani, mji umekua na mji unataka mkaa. Miti yetu inatazamwa na macho mengi. Tuweke mlinzi akae juu. Nani atufae?"

Ngiri akasema, "Mimi."

Wakasema, "Wewe unalala mno."

Nyani akasema, "Mimi."

Wakasema, "Wewe tunakujua."

Wote wakageuka wakamtazama Bi Kanga. Nungunungu akamwambia, "Mama, kazi hii wewe uliianza. Na sauti unayo. Ukiona shoka kilimani, usiulize ni la nani. Piga kelele, sisi tutapanda."

Bi Kanga akainama. "Nimepokea, mjumbe. Nikiona nitapiga kelele."

Tangu siku ile hakuna aliyepanda tena juu kuangalia miti. Walisema, "Tuna mlinzi." Asubuhi walitoka milangoni, wakatazama kilimani, wakaona kijani, wakaenda zao.

Fuko peke yake hakuweza kutazama. Kwa hiyo kila alipokutana na Bi Kanga chemchemini alimuuliza:

"Bi Kanga, wewe ndiye macho yangu. Miti ya juu imesimama?"

Naye alimjibu, "Imesimama, jirani."

"Alhamdulillahi. Basi tutakaa."

Sasa sikilizeni palipoharibika.

Bi Kanga alikuwa na ndugu yake aitwaye Kwale. Alikuwa mtoto wa mama yake mdogo. Mama huyo alipofariki, Kwale alibaki kinda, na Bi Kanga alimlea katika kiota chake mwenyewe. Akamlisha, akamfundisha kutembea na kuruka. Kwale alikua, akaoa, akajenga juu ya kilima. Alikuwa na maneno laini huyo, na mikono isiyopenda jembe.

Siku moja, alfajiri, Bi Kanga akasikia *ko! ko! ko!* Akaenda mbio. Akamkuta Kwale na shoka, na mgunga mmoja umelala chini.

Bi Kanga akafungua mdomo apige kelele.

"Dada!" akasema Kwale. "Dada, usiniaibishe. Mke wangu anakaribia kutaga na paa linavuja. Nimetaka nguzo tu. Mti mmoja."

"Mtaa wote ulipatana, Kwale."

"Najua, dada. Lakini tazama." Akachukua tawi bichi la ule mgunga, akalichomeka ardhini pembeni ya kisiki, akalisimamisha wima. "Kule chini hakuna atakayejua."

Bi Kanga akatazama. Kweli, kwa mbali ungesema ni mti. Moyo wake ukawa mzito. Akasema, "Ni huu tu. Usirudie."

"Sirudii, dada. Haki ya mama."

Siku ile chemchemini Fuko akauliza, "Bi Kanga, wewe ndiye macho yangu. Miti ya juu imesimama?"

Bi Kanga akaona kwamba mti mmoja si kitu. "Imesimama, jirani."

"Basi tutakaa."

Mwezi ukapita. Bi Kanga akasikia tena, *ko! ko! ko!* Safari hii yalikuwa mashoka mengi. Akaenda, akakuta miti saba chini. Pembeni kuna tanuri la mkaa linafuka moshi chini ya nyasi. Kwale amesimama na masizi hadi mabawani. Na kila palipokuwa na mti, amechomeka tawi.

"Kwale! Umeniapia nini?"

"Dada, nitafanyaje? Mjini wanataka mkaa. Nisipokata mimi atakuja mwingine akate, tena asiye ndugu. Na majani ya matawi yakinyauka nachomeka mapya kila asubuhi. Nani atajua?"

"Nitapiga kelele. Wallahi leo nitapiga."

"Piga," akasema Kwale. "Lakini watakuuliza na wewe, ule mgunga wa kwanza ulikatwa lini? Ulikuwa wapi?"

Kelele ya Bi Kanga ilikuwa imeshafika kooni. Ikakaa pale kama mwiba wa samaki.

Jioni yake mke wa Kwale akamletea bakuli la mtama uliopikwa. Bi Kanga alijua umepikwa kwa mkaa gani. Akakaa nalo mapajani muda mrefu. Halafu akala.

Kesho yake Fuko akauliza, "Bi Kanga, wewe ndiye macho yangu. Miti ya juu imesimama? Nasikia harufu ya moshi siku hizi."

"Ni moshi wa mjini, jirani. Miti imesimama."

"Basi tutakaa."

Tangu hapo Bi Kanga hakupata raha. Alitembea kilimani akigusa matawi yale kwa mdomo, na kila alilogusa lilianguka. Alilisimamisha tena. Ndiyo, msishangae. Mlinzi wa kilima alisimamisha matawi ya mwizi kwa mdomo wake mwenyewe, kwa kuogopa visiki visionekane. Kule chini wenzake walimwona anainama na kuinuka, wakasema, "Tazameni, mama wa watu hapumziki."

Hata mwisho wa kiangazi, Bi Kanga akasikia mara ya tatu. *Ko! ko! ko!* Lakini mlio huu ulikuwa mzito. Akajua kabla hajafika. Akakuta mkuyu umeliwa na shoka hadi katikati.

"Kwale, mwanangu," akasema. "Huu siyo mti. Huu ndio kilima chenyewe."

Kwale akapiga magoti. Hakuwa na maneno laini siku ile. Alikuwa analia. "Dada, nimeshapokea vitu vyao huko mjini. Nguo, chumvi, mabati. Nisipopeleka mkaa watanivunja miguu. Ukipiga kelele nitafukuzwa na mtaa, na wanangu wametoka mayaini juzi. Ulinilea, dada. Ulinilea ili uniue?"

Bi Kanga akafungua mdomo. Akaufunga. Akafungua. Akaufunga. Akageuza uso, akasikia nyuma yake mkuyu unalia, kisha unaanguka.

Matawi ya mkuyu yalikuwa mengi. Kwale akayachomeka yote kuzunguka kisiki, pakawa kama kichaka kikubwa. Mtaa wa chini ukatoka milangoni, ukatazama, ukaona kijani, ukaenda zake.

Mawingu ya masika yakaanza kukusanyika. Fuko akamsubiri Bi Kanga chemchemini. Safari hii alikuja na mkewe.

"Bi Kanga," akasema Fuko, "mimi sielewi. Maji yana ladha ya udongo. Na ardhi ya juu inanuka kama ardhi iliyochimbuliwa. Mke wangu anasema tuhame. Tukakae ng'ambo ya bonde kwa shemeji mpaka mvua zipite."

"Tena leo," akasema Mama Fuko. "Mimi moyo wangu umekataa kabisa."

"Lakini nimemwambia, makinga nimechimba mimi na miti amepanda Bi Kanga, tukimbie nini? Haya, mwambie mwenyewe akusikie. Wewe ndiye macho yangu. Miti ya juu imesimama?"

Bi Kanga akamtazama Fuko. Akamtazama Mama Fuko. Aliwaza, nikisema haijasimama, watapanda leo hii, watamkuta Kwale, na watajua kwamba nilijua. Aliwaza, labda mvua za mwaka huu zitakuwa ndogo. Aliwaza, nitamwambia kesho.

"Imesimama, jirani," akasema.

Fuko akamgeukia mkewe akacheka. "Umesikia? Basi tutakaa."

Mvua ikaja. Siku ya kwanza ilinyesha, makinga yakajaa. Siku ya pili ilinyesha, makinga yakafurika. Siku ya tatu, alasiri, Bi Kanga alikuwa juu amejikunyata. Akaona matawi ya kuchomeka yanaanza kulala. Moja, jingine, kumi, mia. Yakalala yote kama majani ya mpunga, na maji yakapita juu yake. Kisha akasikia sauti chini ya miguu yake. Ilikuwa kama ng'ombe anayekoroma. Kisiki cha mkuyu kikasogea.

Hapo ndipo Bi Kanga alipopiga kelele.

"Kere-kere! Kere-kere! Tokeni! Tokeni! Kilima kinakuja!"

Aliipiga kelele ile kwa nguvu zote alizowahi kuwa nazo, na mtaa wote ulisikia. Ngiri alitoka. Nyani alitoka. Nungunungu alitoka. Mama Fuko alikuwa kwa Nungunungu na mtoto wake mmoja, wamekwenda kuomba moto. Nyumbani alikuwepo Fuko na watoto watatu.

Fuko akasikia. Akamsukuma mtoto wa kwanza nje ya shimo. Akamsukuma wa pili. Akarudi ndani kumfuata wa tatu.

Hakutoka.

Udongo ulishuka, ukapita juu ya mlango wa Fuko, ukatulia. Mvua ikaendelea kunyesha kama hakuna kilichotokea.

Wakachimba. Lakini jamani, siku zote katika mtaa ule mchimbaji alikuwa Fuko. Siku ile wenzake hawakujua hata pa kuanzia. Walichimba siku tatu kwa mikono na kwa majembe. Siku ya tatu wakampata, amemkumbatia mwanawe, na amegeukia mlangoni.

Matangani Nungunungu akasimama. "Ndugu zangu, mimi nashindwa kuelewa. Miti ilikuwa imesimama. Udongo ulishukaje?"

Bi Kanga akanyanyuka kwenye mkeka. Akasema yote. Mgunga mmoja. Miti saba. Mkuyu. Akasema na bakuli la mtama, ambalo hakuna aliyelijua. Alipomaliza hakuna aliyempigia kelele. Afadhali wangempigia.

Kwale hakuwepo. Nyumba yake ilikuwa ya kwanza kuporomoka, na tanuri lake, na mabati yake. Yeye na mkewe na watoto walikimbilia nyasini. Hadi leo Kwale anaishi kwa kujificha, na ukimkaribia anaruka kwa kishindo bila kukuaga.

Bi Kanga akaenda alipokaa Mama Fuko. Akapiga magoti.

"Nisamehe, mama."

Mama Fuko alikuwa amewapakata watoto wake watatu. Akasema taratibu:

"Kwale alikata miti. Huyo ni mwizi, na wezi wapo. Mvua imemchukua mume wangu. Hiyo haina masikio, nitaiambia nini? Lakini wewe, mwenzangu. Mume wangu alikuuliza. Mimi nikiwa pale pale, alikuuliza. Na siku ulipopiga kelele, pumzi tatu tu ziliniokolea watoto wawili. Ungepiga ile siku ya mgunga, ungeniokolea nini?"

Mimi niwasimuliaye sina jibu. Nyie mnalo?

Arobaini ilipopita, Mama Fuko akahama na watoto wake, akaenda ng'ambo ya bonde. Mtaa ukaanza upya, maana ungefanya nini? Wakachimba makinga kwa shida, yamepinda, si kama ya Fuko. Wakapanda. Sheria ikaongezwa moja. Kila nyumba, kila juma, ipande juu kwa miguu yake, na kila mti ushikwe shina na kutikiswa.

Bi Kanga hawakumfukuza. Ila walinzi hawakuweka tena. Alikuwa akipanda peke yake upande ulioporomoka, akibeba mboji mdomoni, anaweka, anashuka, anabeba. Pale pa mkuyu alipanda mkuyu, naye alijua kwamba mkuyu hutaka miaka mingi kuliko aliyobakiwa nayo.

Kila mwanzo wa masika alivuka bonde na miche mitatu. Aliiweka mlangoni pa Mama Fuko, akabisha hodi, akasubiri. Mlango haukufunguliwa. Akarudi. Mwaka wa pili akaenda, ukawa vile vile. Mwaka wa tatu alipofika, akaona nyuma ya nyumba ile miche yote imepandwa kwa mstari, imewekewa mboji, imestawi vizuri. Akabisha hodi. Akamsikia Mama Fuko anatembea ndani, anakuja hadi nyuma ya mlango, anasimama.

Bi Kanga naye akasimama nje.

Mlango haukufunguliwa. Bi Kanga akaiweka ile miche mitatu chini, akaondoka.

Basi watoto wangu, na nyie wazazi mliokaa nyuma, mafunzo ya ngano hii ni haya. Aliyepewa kazi ya kulinda cha wote, akimfichia nduguye, amemchimbia jirani kaburi. Mti mmoja ukinyamaziwa, msitu huondoka. Na nyie msimwachie mlinzi mmoja kilima chenu kisha mkalala. Pandeni wenyewe mkashike mashina.

Kapu langu limebaki tupu, nalikung'uta hapa. Aliyeokota kitu akakitumie kwake. Aliyekuta ni makapi matupu, anirudishie mimi niliyeyabeba.